Mahali Anapochekea Twilumba

Siku Twilumba alipotabasamu kwa mara ya kwanza maishani mwake, mimi mama yake nilitoka mle chumbani nikaenda kusimama kwenye veranda ya kliniki, nimeshika nguzo.

Si kwamba sikufurahi. Mtoto aliyezaliwa mishipa ya uso imelala, amefika umri wa kuanza shule hajawahi kucheka wala kununa, leo anatabasamu. Jamani, mama gani asingefurahi? Lakini niliona lile tabasamu lilivyokuja. Mdomo ulitangulia. Mashavu yakafuata. Macho yakakunjika mwisho, kila kimoja kikingoja zamu yake, kama watu wanaoingia kanisani kwa mstari.

"Mama Twilumba, rudi ndani," Daktari Eliaichi aliita. "Mwenzio anakutafuta."

Nikarudi. Mtoto yuko kwenye kile kiti kirefu, amenigeuzia uso, anatabasamu bado. Nyuma ya sikio lake palikuwa na kiuvimbe kidogo kama punje ya mtama.

"Hiyo ndiyo punje yenyewe," daktari alisema. Alikuwa dada mpole, hasemi nawe amesimama hata siku moja, atavuta kigoda akae. "Inasikiliza damu yake, pumzi yake, na watu waliomzunguka, nyuso zao na sauti zao. Ikishajua anahisi nini, inavuta nyuzi. Nyuzi ni nyembamba kuliko unywele, zimetoka kwenye kipaji cha uso mpaka kidevuni. Yeye anahisi, uso unasema. Basi."

"Na inajuaje furaha inakaaje usoni?"

Akanionyesha ukutani. Kulikuwa na picha kuukuu ya mzee wa Kizungu asiye na meno, uso umekunjamana, na mikono ya mtu mwingine imemshikia vyuma viwili mashavuni. Mzee anacheka. Macho yake lakini hayapo pale. Yanatazama kitu nyuma yako.

"Zamani sana, karne ya kumi na tisa," daktari akasema, "kulikuwa na Mwingereza mmoja, mchunguzi wa wanyama na mimea. Alitaka kujua kama binadamu wote wanalia na kucheka namna moja. Akaandika barua kwa wazungu wenzake waliokaa nchi za mbali. Watu wa huko wakishangaa wanatoa macho? Wakiona haya wanaiva uso? Wakihuzunika nyusi zinapanda ndani? Majibu yakarudi: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Na huyo mzee ukutani, daktari Mfaransa alimwekea umeme usoni, akampiga picha kila msuli ulipovutwa. Kazi za watu hao wawili ndizo mbegu. Sisi tumeotesha tu."

"Hizo barua zilifika Uhehe?"

Alicheka. "Sidhani, dada. Lakini uso ni uso."

Nikakubali. Uso ni uso. Twilumba alikuwa ananitazama na lile tabasamu, nami nikatazama pale mahali pake, nione kama ni kweli amefurahi. Alikuwa amefurahi. Roho yangu ikatulia.

Sasa lazima niseme kuhusu pale mahali. Twilumba ana mahali anapochekea. Ni sehemu ya mwili wake, ndogo, na sitaitaja. Msinikasirikie, mkifika mwisho mtanielewa. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyepaona kwanza, siku anamwogesha akiwa mchanga. Aliniita: "Mama, hebu njoo uone huyu anavyocheka." Nikaona. Akifurahi, panafanya hivi. Akiogopa, panafanya vile. Akitaka kulia, pana namna yake. Hatukumwambia mtu, hata mume wangu Festo hakujua. Mimi na bibi ndio tuliokuwa tunamsoma yule mtoto, na yeye mwenyewe hatukumwambia kwamba tunamsoma, tukiogopa atapaficha.

*

Shuleni walikuwa wanamwita Kisahani. Uso umelala, mtupu kabisa, hauna habari, kama sahani iliyooshwa. Nyuzi zilipoingia, jina likafa ndani ya wiki moja. Akapata marafiki. Akaalikwa kwenye sherehe ya mtoto wa mwalimu. Watoto wenye nyuzi walikuwa wengi Mafinga wakati ule, maana wazazi walianza kuwawekea hata watoto wazima, wenye nyuso zao, ili wawe na uso mzuri wa darasani. Ungepita uwanjani ungeona watoto wanacheza, mmoja anaanguka, nyuso ishirini zinafanya huruma moja, nyusi zimepanda ndani kwa pamoja. Walimu walisifu sana.

Mimi nilianza kuona kitu siku ya uji.

Nilikuwa nje naanika magunia. Twilumba yuko jikoni, ameipa sufuria mgongo, anachambua maharage. Nikamwona dirishani anafanya uso wa woga. Macho yametoka, mdomo wazi. Nikafikiri nyoka. Kabla sijaita, uji ukafurika nyuma yake, ukazima moto. Ndipo akageuka. Ndipo pale mahali pake pakashtuka.

"Ulijuaje uji unafurika?"

"Sikujua, mama."

"Mbona ulikuwa umeogopa?"

Alifikiri. Uso wake ukafanya uso wa mtoto anayefikiri, umekunja katikati ya nyusi, vizuri kabisa. "Uso ulisikia," akasema. "Uso unatangulia, mama. Mimi nafuata nyuma."

Alilisema hilo vile mtoto anavyokwambia viatu vimembana.

Baada ya siku chache nikamkuta amelala mkekani, mchana, jua linaingia mlangoni. Uso wake ulikuwa macho. Sijui niseme vipi. Yeye amelala, anapumua taratibu, na uso unafanya furaha, halafu hasira, halafu kinyaa, halafu haya, polepole, kama mtu anayejaribu nguo dukani. Nilipiga magoti nikamtazama. Mara ukafika uso mmoja, mashavu yamekunjamana, mdomo umevutwa pembeni kama usio na meno, nikaujua. Ni yule mzee wa ukutani. Alikaa pale kwenye mto wa mwanangu, akatabasamu, akaondoka.

Nilipompigia daktari akasema ni kawaida. "Zinafanya mazoezi, mama, misuli isilale. Anaumia?"

"Haumii."

"Basi. Mwezi ujao mlete tukaze nyuzi. Zikishakazwa zinaungana na mishipa, zinakuwa zake mpaka uzee. Zisipokazwa zinakufa zenyewe, na mara ya pili haiwezekani. Usichelewe."

Bibi alikuwa anasikiliza, amekaa na fimbo yake. Akangoja nikate simu. "Jana nimempa mua," akasema. "Uso umecheka. Pale mahali pamenyamaza. Halafu baadaye, taratibu, napo pakacheka. Kama pameamriwa vile. Mama, pale pameanza kufuata."

Hilo ndilo neno la mwisho la maana aliloniambia. Wiki ile ile kifua kikambana, na kabla mwezi haujaandama akafariki.

*

Nyie mnaojua misiba yetu mnajua kwamba Mhehe hazikwi kimya Mngoni akiwepo. Watani wetu wale. Mngoni wetu ni Bwana Gama, fundi wa mashine za kupasua mbao, mtu mrefu mwenye meno makubwa. Alipata habari asubuhi, na jeneza lilipotaka kutoka alikuwa amelala chini mlangoni, amevaa kitenge cha marehemu na kilemba chake.

"Hatoki mtu!" akapiga kelele. "Huyu bibi ananiacha na nani? Alinificha alikokuwa anagemea mianzi ya ule ulanzi mtamu, leo anakimbilia mbinguni nao! Wahehe wachoyo hata kaburini!"

"Ondoka, Mngoni!" shangazi mmoja akamjibu, machozi yanamtiririka. "Babu zako walikimbia vita mpaka leo mnahema!"

"Tulikimbia kwa sababu tuliwaona sura zenu!"

Watu wakacheka. Wakacheka huku wanalia. Festo mume wangu, aliyekuwa hajatia chakula kinywani tangu juzi, alicheka mpaka akakaa chini, na machozi aliyokuwa ameyazuia yakatoka yote. Ndiyo kazi ya mtani. Bwana Gama akainuka, akachukua fimbo ya marehemu, akaanza kutembea kama alivyokuwa anatembea, goti la kulia likikataa, mkono kiunoni, na sauti ile ile: "Mama, hebu njoo uone!" Moyo wangu ulikatika, nikacheka, nikalia. Vyote.

Twilumba alikuwa amesimama kando ya jeneza. Tangu asubuhi alikuwa na uso wa huzuni ambao watu walikuwa wanausifia, nyusi zimepanda ndani, pembe za mdomo zimeshuka. "Huyu alimpenda bibi yake," walikuwa wanasema. Sasa kilio kikachanganyika na kicheko, na ile punje nyuma ya sikio ikasikia vyote viwili kwa watu wale wale, midomoni mle mle. Ikatafuta. Hakuna barua iliyowahi kuuliza jambo hilo.

Uso wa mwanangu ukaanza kugeuka kama kurasa zinazopigwa na upepo. Furaha. Huzuni. Kinyaa. Furaha. Hasira. Woga. Haya. Hauishii kwenye mmoja, unapita, unapita, kila mmoja umekamilika.

Na watu wakacheka zaidi! Maana walidhani ni utani. Bwana Gama mwenyewe alidhani hivyo. "Aaa! Mmemwona huyu Mhehe mdogo? Ananijibu! Ananitania kwa sura!" Akainama mbele yake, naye akaanza kumgeuzia nyuso, mdomo huku, macho kule, na watu wakapiga makofi. Mtoto akazidi. Nilikuwa nyuma ya jeneza, nimebanwa na watu, nikatazama pale mahali pake. Pale palikuwa panapiga kelele. Sina neno jingine. Kama mngejua pa kutazama, msiba mzima mngeziba masikio.

Ndipo ukapita ule uso wa mzee asiye na meno. Ukakaa. Ukacheka.

Bwana Gama akaacha kugeuza sura. Akanyooka. Mtani hanyamazi msibani, jamani, mtani akinyamaza ni kama padri amekimbia ibada. Lakini Bwana Gama alinyamaza, na watu nao mmoja mmoja wakanyamaza, mpaka ikabaki sauti ya mashine za mbao huko bondeni.

"Mama Twilumba," akasema taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, amevaa bado kilemba cha marehemu. "Huyu ni nani?"

*

Siku ya kukaza nyuzi ilifika. Tulikwenda kwa miguu, mimi na yeye tu.

"Mama," akasema, "wasipozikaza, wataniita tena Kisahani."

"Najua."

"Na rafiki yangu Ombeni hatacheza na mimi."

"Labda atacheza."

"Hatacheza." Akatembea kidogo. "Lakini wakizikaza, sitajua bibi namlilia mimi au analiliwa tu."

Nilimshika mkono.

Daktari Eliaichi alitupokea kwa furaha, tena alimkumbatia mtoto, akanipa pole ya msiba. Akavuta kigoda. Halafu akasema: "Mama, mmetupa zawadi kubwa sana. Punje ilituletea yote ya siku ile. Huu utani wenu hatukuwa nao! Kulia na kucheka kwa wakati mmoja, watu wazima, kwa mpango. Tumeshautengenezea uso. Wiki ijayo watoto wote watakuwa nao, haitatokea tena ile hali."

"Wote?"

"Wote wenye nyuzi. Msibani watajua la kufanya."

Nikamwambia nilichokuja kumwambia. Kwamba uso si wa mtoto. Kwamba unatangulia, na moyo umeanza kuufuata. Hakunidharau, hapana. Aliinamisha kichwa akafikiri.

"Yule Mwingereza aliliandika hilo pia," akasema. "Kwamba anayeiachia hasira usoni, hasira yenyewe huzidi. Uso unaulisha moyo. Lakini kwako hata kwangu ni hivyo hivyo, mama. Ukitabasamu kwa wageni mwisho unafurahi. Tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kwamba najua anapofurahi yeye. Na uso unaposema uongo najua."

Macho yake yakawaka. Si kwa ubaya, ndilo linaloniogopesha mpaka leo; kwa hamu, kama mtu aliyetafuta maji akasikia kijito. "Unajuaje?"

Nikamwekea mtoto mkono begani.

"Mama, nisikilize. Kama kuna dalili, nionyeshe. Nitaweka uzi mmoja tu pale, mdogo, punje ijifunze kutoka hapo. Uso wake hautadanganya tena kamwe. Ndicho unachotaka, sivyo? Sitakaza kitu mpaka tulinganishe. Niambie tu ni wapi."

Na kweli ndicho nilichokuwa nataka! Uso wa kweli, mwanangu acheke na marafiki, asiitwe Kisahani. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Neno lile, jina la ile sehemu, nilikuwa nalo ulimini. Ni neno fupi.

Nikamtazama Twilumba. Uso wake ulikuwa na tabasamu la mtoto msikivu. Nikatazama pale mahali.

Palikuwa pamefunikwa. Mwanangu alikuwa amepafunika, polepole, kama mtu anayejirekebisha tu nguo. Hatukuwahi kumwambia, mimi wala bibi yake. Miaka yote ile alikuwa anajua kwamba tunamsoma, akatuachia tusome. Sasa alipafunika, si kwangu. Kwa ile picha ukutani, kwa vioo vya mle chumbani, kwa yule dada mpole anayengoja na kigoda chake.

"Najua tu," nikasema. "Mimi mama yake."

"Hicho si kipimo, mama."

"Si kipimo," nikasema. "Tunashukuru, daktari."

Nikamshusha mtoto kitini. Daktari alituita mpaka getini. Hakuita kwa hasira. Aliita kama mtu anayeona jirani anarudi ndani ya nyumba inayoungua.

*

Nyuzi zilikufa kidogo kidogo. Kipaji kwanza, halafu mashavu. Pembe moja ya mdomo ilichelewa kufa, ikawa inajivuta yenyewe wakati anakula, nami nikawa nageuka nisiione, maana nilijua ni ya nani. Siku moja ikalala. Ombeni hakuja tena kucheza. Twilumba hakunisemesha siku nyingi, na sikuweza kujua amekasirika kiasi gani, kwa sababu na kwangu alikuwa anapafunika.

Hilo ndilo nililolipa. Siwafichi.

Ikafika arobaini ya bibi. Tulipika, majirani wakaja na watoto wao, wakakaa kwenye majamvi. Bwana Gama akatokea getini, kitenge cha marehemu begani, fimbo mkononi. Alikuwa bado hajafungua mdomo.

Watoto wote wenye nyuzi wakageuka kwa pamoja. Wote wakaanza kulia na kucheka. Nyusi zimepanda ndani, meno nje, machozi yanashuka, uso mmoja umekaa kwenye miili mingi, na kicheko kimoja kinaanza na kuisha kwa pamoja. Uso ule niliujua. Ulikuwa wa Festo, siku ya mazishi, alipokaa chini mlangoni. Walimchukua hapo.

Festo naye aliuona. Aliweka bakuli chini, akaenda nyuma ya nyumba.

Bwana Gama akasimama pale pale getini. Hakuwa na kazi tena. Ameandaa matusi yake njia nzima, na kicheko kimeshatolewa kabla hajakiomba. Akawa anageuza ile fimbo mkononi kama mtu aliyepewa chombo asichokijua. Halafu akamwona Twilumba, amekaa peke yake mwisho wa jamvi, uso umelala, hauna habari yoyote.

Akamwendea. Goti la kulia likikataa, mkono kiunoni.

"Kisahani wangu," akasema kwa sauti ya bibi, ile yenyewe, "hebu njoo uone hawa Wahehe wanavyocheka kabla ya kuambiwa. Ndiyo maana uji wao unaungua."

Kila mtu aliutazama uso wa Twilumba. Uso haukufanya kitu. Nikasikia mmoja anasema, maskini.

Mimi nilitazama pale mahali. Hapakuwa pamefunikwa. Palicheka. Palicheka kama palivyokuwa panacheka zamani mikononi mwa bibi, kwa kuchelewa kidogo, kwa namna yake, halafu pakalia, halafu pakacheka tena.

Nilipoinua macho, Bwana Gama naye alikuwa anapatazama.

Alipaona. Akapepesa macho mara moja. Halafu akageuka upande wa wale watoto, na nyuso zao zote zilizokuwa zinatuangalia, na punje zao zote nyuma ya masikio. Akakikunjua kile kitenge cha marehemu, akakitandaza kwa mikono miwili mbele ya mwanangu kama pazia, na akaanza kututukana Wahehe kwa sauti kubwa, babu zetu, mbwa wetu, mashamba yetu, mpaka kila jicho pale uani likawa linamtazama yeye.